Besi ya Shemeji Kabla ya Marehemu Kuamka

9 Februari 2003

Mpwa wangu mpendwa,

Leo ni tarehe tisa Februari, na mwezi huu natimiza miaka ishirini na minane tangu nitoke huko. Huwa siihesabu. Leo nimeihesabu kwa sababu ya kifurushi chako.

Marahaba kwa shikamoo zako zote, ya ndani ya barua na ile uliyoiandika nyuma ya bahasha baada ya kuifunga. Sisi hatujambo. Mvua imekataa kuacha. Mkaza mjomba wako anakusalimu. Jana alitafuta miwani yake nyumba nzima, kumbe iko kichwani, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mimi nimestaafu nusu nusu: bado wananiletea vitabu nivisahihishe kabla havijachapwa, nami nakaa dirishani na kalamu nyekundu nikifuta makosa ya watu wasionijua. Mwambie mama yako barua yake nimeipata na nitaijibu. Mwambie pia asianze kununa kabla jibu halijafika.

Sasa nije kwenye jambo lako. Kaseti imefika salama, lakini sijaisikiliza. Redio yangu ilitafuna mkanda mwingine wiki iliyopita, nami sithubutu kuilisha huu wako mpaka fundi aifungue. Swali lako hata hivyo nimelielewa. Studio unayofanyia kazi inaitoa upya santuri ya kwanza ya bendi ya Majinamizi, safari hii kwenye CD, na wewe ndiye uliyepewa kuisafisha sauti. Wimbo wa kwanza una utangulizi mrefu kupita kiasi: besi na ngoma zinazunguka, zinazunguka, mwimbaji haji. Mwenye studio anataka uukate ubaki mfupi kama wa nyimbo za watu wenye akili zao. Baba yako, ambaye ndiye aliyeipiga besi hiyo, naye amesema kata. Lakini wewe mkono unasita, na unaniuliza mimi kwa kuwa nilikuwa shabiki wao namba moja.

Binti, kata.

Nisikilize mimi niliyekuwapo. Sisi hatukwenda kuwasikiliza Majinamizi. Tulikwenda kuwatazama. Ulikuwa hujazaliwa, kwa hiyo nikuchoree. Ukumbi umejaa, taa zinazimwa. Nyuma ya jukwaa kuna pipa la maji yanayochemka, na mvuke wake unapulizwa mbele kwa feni mpaka safu ya kwanza tunalowa. Wanatoka mmoja mmoja: nyuso zimepakwa chokaa, majoho meusi hadi chini, viatu vya raizoni vyenye soli nene kama matofali. Baba yako alikuwa na pembe mbili za bati. Halafu katikati ya mvuke, jeneza. Besi inaanza, ngoma inafuata, na sisi macho yetu yote kwenye jeneza. Kifuniko kinafunguka, ko! anatoka mwimbaji wao, tuliyemwita Marehemu, kifua wazi, anaimba. Wasichana wanazimia, na wavulana wengine pia, japo baadaye walisema ni joto.

Huo ndio ulikuwa muziki wenyewe. Kupiga vyombo hawakujua. Mtangazaji mmoja wa redio aliuita utangulizi ule wimbo wa watu waliosahau wimbo, na mji mzima ukacheka, mimi nikiwamo, huku nimevaa fulana yao. Niliwapenda kupita kiasi, na sikuwahi kuwadhania kuwa wanamuziki.

Msalimie baba yako. Mwambie shemeji yake anasema kwamba kama ile besi ingekuwa kiti cha karakana yake, ingekuwa na miguu mitatu.

Mimi mjomba wako


23 Machi 2003

Mjomba,

Shikamoo. Shikamoo tena, ya mama, maana amesema hakuandikii mpaka umjibu. Amenuna, kama ulivyotabiri. Sote tu wazima. Mkaza mjomba nampa pole ya miwani. Huku tumepaka rangi chumba cha nyuma, kile kilichokuwa chako, na harufu imetufukuza tukalale sebuleni. Baba anasema rangi nzuri lazima ikuumize kichwa kidogo.

Marehemu hajambo. Najua sentensi hiyo haiandikiki, lakini ndivyo ilivyo: anauza vioo vya madirisha siku hizi, ameota kitambi, na kila akipita karakana watu wanasema Marehemu amepita. Mpiga ngoma alihama kitambo, hatujui alipo. Mpiga gitaa ndiye aliyefariki kweli.

Nimempelekea baba salamu zako. Nilimkuta karakana, penseli sikioni, akipima mlango. Nikamwambia, "Mjomba anasema kama besi yako ingekuwa kiti, ingekuwa na miguu mitatu." Nilitegemea acheke, maana utani wenu naujua. Hakucheka. Aliweka futi chini, akasema, "Mwambie ilikuwa minne." Kisha akatoka nje akasimama uani. Mjomba, sijui umemgusa wapi, ila umemgusa.

Nikamfuata. Nikamwambia, "Baba, kwani wewe mwenyewe unataka nini na huu wimbo?"

"Kata."

"Sababu?"

"Mwenye studio kasema kata. Mimi nimesema kata. Unataka nani mwingine aseme?"

"Wewe ndiye uliyepiga."

"Basi mimi niliyepiga nasema kata."

Mjomba, nimeshakata, kwa majaribio tu, nakala nyingine ipo. Wimbo unaanza vizuri sana. Unaanza kama mlango wa benki: unaukaribia, unafunguka, unaingia. Mwenye studio amefurahi. Mimi sikufurahi, na siwezi kusema kwa nini, kwa sababu nimezaliwa ndani ya utani wa wimbo huo. Shuleni walikuwa wananiimbia utangulizi, dum-du-dum, dum-du-dum, halafu wanajifanya wamesahau. Kwa hiyo masikio yangu siyaamini. Ya mwenye studio siyaamini kwa kuwa anafikiria redio. Ya baba siyaamini kwa kuwa kuna kitu hasemi.

Kazi lazima niikabidhi mwisho wa Septemba. Ikishatoka ilivyokatwa, hiyo ndiyo watu watakayoijua, maana santuri za zamani zilizobaki zimekwaruzika hazisikiki. Nakuomba uisikilize hiyo kaseti. Usinijibu kwa kumbukumbu.

Mama amenikataza kukuuliza kuhusu mwaka ule ulioondoka huku, basi siulizi. Nauliza tu unakuja lini. Chumba kimepakwa rangi.

Mpwa wako


2 Mei 2003

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako nimemwandikia kurasa nne, kwa hiyo adhabu imekwisha. Mke wangu hajambo, ila anachoka mapema. Mimi goti linanikumbusha umri kila ngazi. Rangi ya chumba naomba iwe ile ya maziwa yaliyochujwa. Kama mmepaka kijani usiniambie.

Redio imetengenezwa. Fundi alitoa ndani yake pini ya nywele, mbegu ya chungwa na uzi wa aina ambayo hakuna nguo yetu inayo. Jumamosi asubuhi nikaketi, nikatia kaseti yako, nikafumba macho ili nikumbuke jukwaa. Nilikuwa nimejiandaa kucheka.

Sikiliza kilichotokea. Jukwaa halikuja. Mvuke haukuja, jeneza halikuja, pembe za baba yako hazikuja. Ilikuja sauti tu, peke yake, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Na mke wangu aliyekuwa jikoni akauliza, "Nani huyo anatembea?"

Nikamwambia ni shemeji.

Akasema, "Anatembea vizuri. Mwache aendelee."

Yeye hakuwahi kuwaona Majinamizi. Hajui kwamba alipaswa kucheka. Nikairudisha kaseti mwanzo, nikachukua karatasi, nikafanya kama ninavyofanya na kitabu: nikasoma mstari kwa mstari.

Mizunguko ni tisa. Sote tulidhani ni kitu kimoja kinarudiwa na watu wasiojua kingine. Si hivyo. Mzunguko wa kwanza na wa pili ni sawa, hapo ndipo mwimbaji alipaswa kuingia. Wa tatu, baba yako anachelewesha noti ya mwisho kidogo, kama mtu anayetazama mlangoni kuona kama mgeni amefika. Wa nne anaiacha kabisa noti hiyo, na ngoma peke yake inaanguka kwenye tundu aliloliacha. Wa tano anashuka chini, uzi mnene kabisa, sauti ambayo redio yangu inaimudu kwa shida. Wa sita ndio ulionishinda: anapiga juu, karibu kama anaimba, na nikisikiliza vizuri, ule ndio wimbo wenyewe, maneno atakayoyaimba Marehemu baadaye, umewekwa mapema kwenye besi kwa mwendo wa nusu. Mpiga ngoma alishtuka, unamsikia akikosa pigo moja, na baba yako anamngoja, anamshika mkono, anamrudisha. Wa saba na wa nane, yeye na mpiga ngoma wanakwenda pamoja kama watu wanaobeba kabati ngazini. Katikati ya mzunguko wa tisa, ko! Na Marehemu anaingia.

Nimeusikiliza mara nyingi zaidi tangu siku ile kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya mtu mzima. Baadaye nikasikiliza nyimbo nyingine za santuri hiyo hiyo, nikitafuta kama ni bahati tu. Gitaa, samahani kwa aliyelala, ni la kubahatisha. Sauti ya Marehemu ni kifua kuliko koo. Ngoma ina bidii. Lakini besi, kila wimbo, inajua iendako, na inawasubiri wengine bila kuwaaibisha. Katika santuri ya pili ninayoikumbuka, walipokuwa maarufu na majoho yakawa mazito na baba yako akavalishwa glavu zenye kucha, alipiga noti chache, zote za lazima. Tulidhani wanakua. Kumbe mwanamuziki alikuwa mwanzoni, kabla ya glavu, na sisi tulikuwa tunaangalia jeneza.

Kwa hiyo naifuta kauli yangu ya Februari. Usikate. Ukikata utabaki na mizunguko miwili ya kwanza, ambayo mtu yeyote anaweza kuipiga, na utatupa saba alizozipiga yeye tu.

Swali moja la msahihishaji. Ile ko! ni nini? Jukwaani ilikuwa kifuniko cha jeneza. Studio hakukuwa na jeneza. Muulize baba yako. Na umwambie kiti kina miguu minne, nimehesabu upya.

Mjomba wako


30 Juni 2003

Mjomba wangu,

Shikamoo, na unisamehe ukimya. Kulikuwa na nenda-rudi za hospitali, si kitu kikubwa, baba alitakiwa kupimwa hiki na kile. Mama amefurahia kurasa nne lakini anasema nusu yake ni hali ya hewa. Chumba si kijani. Baba siku hizi anapima na kuchora tu, kukata wanakata wengine, na anawasumbua kuliko alipokuwa anakata mwenyewe.

Barua yako niliisoma mwenyewe kwanza, kisha nikaenda nayo karakana wakati wa chakula cha mchana, wote wametoka. Nikamsomea kwa sauti, kuanzia mzunguko wa kwanza. Alikuwa anakula, akaacha. Nilipofika wa sita akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Huyu mtu alikuwa anasimama safu ya kwanza kila Jumamosi. Imemchukua muda wote huu?"

"Anasema mlimzuga na jeneza."

"Nani alimwambia alitazame?"

"Baba, lilikuwa jeneza! Lilitoa moshi!"

Akacheka hapo, kicheko kidogo cha puani. Nikaona ndiyo nafasi. Nikamuuliza, ile ko! ni nini. Halafu Mjomba, akanisimulia jambo ambalo hata mama hakulijua, na mama anajua mpaka idadi ya soksi zake.

Jeneza alilitengeneza yeye. Ndiyo kwanza ametoka kujifunza useremala, ndiyo kazi yake ya kwanza kuonekana na watu. Walikuwa na haraka, akatumia mbao mbichi. Siku ya majaribio kifuniko kilifunguka kama kurasa. Siku ya onyesho, ule mvuke wa pipa ukaingia kwenye mbao, zikavimba, kifuniko kikakamata. Marehemu ndani anasukuma, hakitoki. Ikabidi besi iendelee kuzunguka mpaka apate kukipiga bega. Baada ya hapo akalipiga randa, likalegea. Onyesho lililofuata likavimba upande mwingine. Kila Jumamosi hakuna aliyejua atatoka mzunguko wa ngapi. Ninyi mkadhani ni madoido.

"Ungetengeneza jipya," nikamwambia.

"Kwa mbao gani? Na lilikuwa limeshapigwa picha kwenye mabango."

Sasa studio. Walipewa nafasi moja tu ya kurekodi, ukikosea ndiyo imetoka hivyo. Wakaanza. Mizunguko miwili, Marehemu haingii. Baba anamtazama, Marehemu amesimama mbele ya kipaza sauti, mikono kifuani, amefumba macho. Hajawahi kuuimba wimbo ule bila kulala chali gizani kwanza na kusikia kifuniko kikigonga. Hakujua pa kuingilia! Wa tatu, wa nne, wa tano. Kusema huwezi, kipaza sauti kitanasa. Baba anasema alipiga kila alichokijua kumwamsha, hata akampigia wimbo wake mwenyewe. Hakuamka. Mwisho akaupiga ubao wa gitaa la besi kwa kiganja, ko! Na mtu akafufuka.

Nilicheka hadi nikakaa chini kwenye maranda. Yeye hakucheka.

"Ndiyo maana nasema kata," akasema. "Wewe unasikia besi. Mjomba wako anasikia besi. Mimi nikisikia ile kitu nasikia kifuniko changu. Miaka yote nimewatengenezea watu milango ya mji huu, hakuna hata mmoja unaokwama, nenda kaulize. Halafu kazi itakayobaki na jina langu ni ile iliyokwama?"

"Hakuna anayejua, baba."

"Mimi najua. Mimi ni seremala. Besi nilikuwa napiga tu."

Karatasi ya idhini lazima aisaini yeye na Marehemu, ndivyo mkataba ulivyo, na akisema kata nitakata. Nisaidie. Na hujanijibu unakuja lini.

Mpwa wako


3 Agosti 2003

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua hii ni fupi kwa kuwa nataka iwahi. Ukurasa wa pili ni wa baba yako, mpe mkononi, usimsomee. Umeniandikia kwamba anapima na kuchora, na kukata wanakata wengine. Nimeisoma sentensi hiyo na ile ya hospitali iliyo juu yake. Sikuulizi. Ukiwa tayari utaniambia.

Shemeji,

Wewe na mimi hatujawahi kuandikiana bila kutukanana, kwa hiyo nivumilie nikijaribu.

Binti yako amenieleza kuhusu mbao. Nimecheka, na nimeona pia kwa nini wewe huwezi kucheka. Lakini nina ushahidi wa mtu asiye na upande. Mke wangu hajui jeneza, hajui Marehemu, na sijamwambia. Amesikia kanda hiyo mara nyingi. Hajawahi hata mara moja kuuliza nani alitengeneza kifuniko. Anauliza nani anatembea.

Kifuniko hakimo kwenye kanda, Shemeji. Kilibaki ukumbini. Ungekuwa seremala bora siku ile, Marehemu angezoea kutoka mzunguko wa pili, angeingia mzunguko wa pili studio, na mimi ningekufa nikiamini huwezi kupiga besi. Mimi kwa upande wangu nazishukuru mbao mbichi.

Kazi yangu ni kufuta makosa, na nimeifanya kwa ukali, waulize waandishi niliowaliza. Hapa sioni la kufuta. Namwona mtu aliyeachiwa wimbo mzima mabegani, ambaye mwenzake amelala wima, na hakuuangusha. Ukisema besi ulikuwa unapiga tu, sikatai. Ila ulikuwa unaipiga vizuri kuliko ulivyotuambia, na mimi nilisimama mbele yako sikusikia. Sasa nimesikia, usininyang'anye.

Ukiona hayo yote hayatoshi, kata, na utabaki kuwa shemeji yangu mwenye pembe za bati.

Mimi yule yule


21 Septemba 2003

Mjomba,

Shikamoo! Nimeandika nikiwa nimesimama, subira sina. Haikukatwa.

Ngoja nikupe kwa mpangilio. Ukurasa wako baba aliusoma, akaukunja, akaendelea kupima. Wiki ikapita, yeye na milango yake tu. Nikajua tumeshindwa. Jumamosi iliyopita Marehemu akaja karakana kusaini idhini. Anapumua kama treni siku hizi. Baba akamwambia, "Saini hapo, tumekata ule upuuzi wa mwanzo."

Marehemu akauliza, "Upuuzi gani?"

"Ule wa kukungoja."

"Mmekata besi?" Alikuwa ameshashika kalamu, akaiweka chini. "Mimi sisaini."

"Wee, ulikuwa hujui pa kuingilia!"

"Mzunguko wa tatu sikujua. Wa nne pia. Kuanzia wa tano nilijua vizuri tu."

Baba akamkodolea. "Sasa mbona hukuingia?"

"Ningeingiaje, na wewe unapiga vile? Nilitaka nione unakwenda wapi."

"Muongo. Ulikuwa umesinzia."

"Kama nilisinzia, mbona nakumbuka wa sita ulipiga wimbo wangu?" Na Mjomba, akauimba. Kwa mwendo wa nusu, kama ulivyoandika, sauti imekwisha kabisa lakini noti zote zipo. Mafundi wa karakana wakaacha kazi. Baba alikuwa ameshika ukingo wa meza.

Mimi sijui kama Marehemu anasema kweli au amejitungia baada ya kusikiliza. Baba pia hajui. Alimwita muongo mara nyingine kadhaa, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Kisha akanigeukia akasema, "Acha ilivyo." Mwenye studio alinung'unika kidogo, nikamsimulia habari ya jeneza, akacheka mpaka akataka iandikwe kwenye kijarida cha ndani. Baba amekubali, kwa sharti kwamba waandike mbao zilikuwa mbichi na si kwamba fundi hakujua.

Sasa lile ambalo sikukuambia. Mikono ya baba inatetemeka. Ilianza mwaka jana. Daktari amesema itaendelea. Besi ameijaribu mara moja, sebuleni, akairudisha kwenye mfuko wake. Kwa hiyo alichokipiga ni kile kilichopo. Ndiyo maana mkono ulinisita, na sikutaka uniamulie kwa huruma, nilitaka usikilize kwanza.

Kuna hafla ndogo tarehe ishirini na tisa Novemba. Hakuna mvuke, hakuna majoho. Watazima taa, wataicheza kanda yote kupitia spika kubwa, watu wakae wasikilize. Baba amesema maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie huyo mzee aje. Safu ya kwanza ipo." Na Mjomba, kwenye kile chumba ametengeneza kitanda. Alichora na kupima yeye, wamekata wengine, kulainisha amelainisha mwenyewe taratibu. Mama ametandika.

Mkaza mjomba hujamtaja barua yote iliyopita isipokuwa kwa baba. Hajambo kweli? Mje wote wawili. Unakuja lini?

Mpwa wako


19 Oktoba 2003

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba, na hongera. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama pia, kwa heshima. Mpe Marehemu mkono wangu. Kama amedanganya, amedanganya vizuri, na mtu anayeukumbuka ule mzunguko wa sita hadi leo namsamehe kifua na yote. Kuhusu mikono ya shemeji, asante kwa kuniambia, na asante kwa kutoniambia mapema. Ulifanya sawa. Ningesikiliza kwa huruma, na huruma ingeniziba masikio kama lilivyoyaziba jeneza.

Nami nina langu ambalo sikukuambia. Mke wangu anapotea kidogo kidogo. Ilianza na vitu, ikaja majina, sasa ni vyumba. Asubuhi huniuliza kwa adabu kama nimekuja kurekebisha bomba. Nje ya mtaa huu anaogopa. Tulijaribu kumpeleka kwa dada yake, mwendo wa saa moja, akalia mpaka tukageuza. Hapa ndani anajua kona, anajua mlango wa jikoni unavyolia, na anajua kanda yako. Nikiitia anasimama, anashika mkono wangu, na tunatembea ukumbini hadi jikoni na kurudi, kwa mwendo wa baba yako. Mzunguko wa tano tunapunguza hatua. Hajui jina langu lakini hapotezi pigo. Hili mwambie shemeji. Mwambie polepole, halafu muache peke yake kidogo.

Kwa hiyo tarehe ishirini na tisa sitakuwapo. Nitakuwa hapa, nitazima taa saa ile ile, nitaicheza, na tutatembea.

Umeniuliza katika kila barua nakuja lini, na katika kila barua nimezungumza mengine. Wewe ni mtu mzima, unastahili jibu lisilo na mvuke. Sitaki umsingizie mkaza mjomba wako. Hata siku nitakapobaki peke yangu, nitabaki hapa. Yaliyonitoa huko mama yako anayajua, na yamepoa, si hayo. Nimezeekea kwenye mtaa huu. Muuza magazeti ananiita babu, na kaburi la mke wangu litakuwa upande huu wa mji, nami nataka kuwa mtu wa kulitembelea kwa miguu. Huko kwenu nawapenda wote, mmoja mmoja, lakini ni mapenzi ya barua, na barua nitaendelea kuziandika hadi kalamu inishinde.

Kitanda msikiache kikae bure. Mpe anayekihitaji, alale vizuri, kazi ya shemeji isiwe ya maonyesho. Mama yako nitamwandikia mwenyewe wiki hii. Nataka alisikie kwangu, si kwako.

Sitarudi.

Mjomba wako anayekupenda